Kupika pilsna ya Kijerumani nyumbani: mwongozo kamili wa lita 20

Pilsna ya Kijerumani, ambayo Wajerumani wenyewe huiita Pils tu, ni bia ya rangi ya dhahabu iliyopauka, angavu, yenye povu jeupe linalong'ang'ania glasi. Inanukia mkate na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kisha inakuachia uchungu safi na ukavu unaokuita kwenye funda la pili. Viungo vyake ni vinne: maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Hakuna kimea kilichochomwa, hakuna tunda wala viungo vya kufunika kosa. Joto likizidi digrii chache wiki ya kwanza, utalionja kosa hilo mpaka chupa ya mwisho.

Kwa hiyo nasema mapema: kabla hujanunua hata kilo moja ya kimea, tafuta friji. Siku ya kupika inakula saa sita au saba, na mtu makini ataimudu. Kinachotenganisha pilsna nzuri na bia tu ya rangi ya njano ni baridi ya wiki sita zinazofuata.

Historia yake inasema hivyohivyo. Mwaka 1842 Josef Groll, mpishi wa bia kutoka Bavaria, alipika katika mji wa Plzeň, Bohemia, bia ya kwanza ya aina hii. Alikuwa na kimea cheupe, maji laini ya pale mjini, hopsi za Žatec na hamira ya Bavaria inayofanya kazi kwenye baridi. Wajerumani waliichukua na kuifanya yao: kavu zaidi, nyepesi zaidi, yenye uchungu ulionyooka, hasa kule kaskazini ambako bia ya Jever inajulikana kwa ukali wake. Bia hii ilisambaa kwa kasi baada ya Carl von Linde kutengeneza mashine za baridi kwa ajili ya viwanda vya bia katika miaka ya 1870, na baada ya Emil Christian Hansen kufanikiwa kuotesha hamira safi ya laga (bia inayochachuka kwenye baridi) katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Baridi inayotawalika na hamira safi: mpaka leo ndivyo vitu viwili utakavyohangaika navyo.

Vifaa

Unahitaji sufuria ya lita 50. Zile kubwa za alumini za kupikia pilau la harusi zinafaa kabisa. Kama ni mpya, chemshia maji matupu kwanza mpaka ndani pawe na utando wa kijivu, na usiusugue kwa steel wool, kwa sababu utando huo ndio unaoikinga bia na ladha ya chuma. Tafuta pia mfuko mpana wa kitambaa cha wavu unaoingia sufuria nzima, kipimajoto unachokiamini, mizani ya jikoni inayosoma gramu, haidromita (chombo kinachoelea cha kupimia uzito wa bia ukilinganisha na maji), ndoo ya kuchachushia ya lita 30 yenye mfuniko na kizibo cha mrija wa maji kinachoruhusu gesi kutoka, koili ya shaba ya kupozea, na mpira wa kuhamishia bia. Kipima pH (kiwango cha asidi) si lazima mara ya kwanza, ila ukikipata utakitumia kila mara.

Friji iwe kuukuu au freeza ya kulala, mradi ndoo iingie. Iunganishe na kidhibiti joto cha nje, kile kidude kinachochomekwa ukutani kisha friji ikachomekwa ndani yake, chenye waya wa kupima joto. Waya huo ubandike kwenye ubavu wa ndoo, chini ya usawa wa bia, na uufunike kwa kipande cha sponji au taulo lililokunjwa ili usome joto la bia na si la hewa. Bia inayochachuka hujitengenezea joto lake, na inaweza kuizidi hewa inayoizunguka kwa digrii mbili hadi nne. Wanaokaa kwenye umeme wa kukatikakatika wajaze nafasi zote zilizobaki kwa chupa za maji. Maji mengi yaliyopoa huyumba polepole, na umeme ukikatika saa kadhaa bia haitashtuka ukiacha mlango umefungwa.

Sheria nayo usiiruke. Nchi hazifanani: kwingine ruksa kupika kwa matumizi ya nyumbani, kwingine lazima kibali, na kuuza bila leseni ni kosa karibu kila mahali. Ulizia unapoishi kwanza.

Viungo kwa lita 20

Kimea cha pilsna cha Kijerumani, kilo 4.3. Kimea chenye asidi, gramu 150. Hopsi za Magnum zenye asidi ya alfa (ile inayoleta uchungu) asilimia 12, gramu 20. Hopsi za Hallertau Mittelfrüh zenye asilimia 4 hivi, gramu 50, ambazo utazigawa mara mbili. Hamira kavu ya laga aina ya W-34/70, pakiti mbili za gramu 11.5. Maji lita 31.

Anayejua kutengeneza mbege au busaa anakijua kimea: nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa. Hiki cha pilsna ni shayiri iliyokaushwa kwa moto mdogo sana ili ibaki nyeupe. Kama hakiuzwi ulipo, jaribu kuomba kwa viwanda vidogo vya bia, maana huagiza kwa magunia. Kinunue kikiwa kimeparazwa, au ukiparaze kwa mashine ya roli. Usikipeleke kwenye mashine ya unga. Punje inatakiwa ipasuke vipande viwili vitatu huku ganda likiwa karibu zima. Ukiwa na unga, mfuko utaziba na bia itachukua ukakasi wa maganda yaliyosagika.

Hopsi zinunue kwenye pakiti zilizoondolewa hewa na uziweke freeza. Zikinuka jibini kuukuu, zitupe. Mwenye Tettnang au Spalt badala ya Hallertau asisite kuzitumia, zote ni za Kijerumani zenye harufu ya upole. Hopsi za Kimarekani zenye harufu ya machungwa na maembe ni nzuri, lakini zitakupa bia nyingine.

Kuhusu hamira, naomba usibane matumizi. Laga huchachuka kwenye baridi, na kwenye baridi hamira ni mvivu, kwa hiyo inahitaji kuwa nyingi takriban mara mbili ya bia zinazochachushwa kwenye joto. Pakiti moja kwa lita 20 itaanza kwa kusuasua, na hapo ndipo harufu zisizotakiwa huzaliwa.

Maji

Pilsna inapenda maji laini. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, hayafai: nunua maji yaliyosafishwa ya madumu. Maji ya bomba yasiyo na ladha ya chumvi yanafaa ukiyatoa klorini. Nusu kidonge cha potasiamu metabisalfaiti kinatosha kwa lita zote 31. Klorini ikibaki, hukutana na vitu vya kwenye kimea na kuleta harufu ya plasta ya kidonda ambayo haitoki.

Kwenye maji laini ongeza gramu 3 za kalsiamu kloridi na gramu 2 za jasi. Kile kimea chenye asidi kipo kwa ajili ya kushusha pH ya uji wa kimea ifike kati ya 5.2 na 5.5, ukipima sampuli iliyopoa. Hukukipata? Tumia asidi ya laktiki ya asilimia 88: anza na mililita 2, pima, kisha ongeza kidogokidogo. Kwa kawaida hutazidi mililita 4.

Kuloweka kimea

Pasha maji mpaka 65 °C, tandaza mfuko ndani ya sufuria, kisha mimina kimea taratibu huku ukikoroga kwa mwiko mrefu kusiwe na mabonge. Joto litashuka lenyewe mpaka karibu 63 °C. Funika, zungushia blanketi, subiri dakika 40. Katika joto hili vimeng'enya vya kimea hukata wanga kuwa sukari ambayo hamira huimaliza yote, na ndiyo siri ya ule ukavu wa Pils.

Kisha washa moto mdogo, inua mfuko usiguse kitako cha sufuria, koroga bila kuacha mpaka ifike 71 °C. Kaa hapo dakika 30. Hatua hii ya pili huvunja wanga uliosalia na kulipa povu nguvu. Wapishi wa Kijerumani wa leo hutumia sana mpangilio huu wa hatua mbili, na mimi naupenda kuliko ule wa kukaa kwenye joto moja. Lakini kama jiko lako ni gumu kulitawala, weka 65 °C kwa dakika 75 na uendelee. Utapata bia nzuri tu.

Kujua kama wanga umekwisha, dondoshea tone la uji kwenye sahani nyeupe na tone la tinktcha ya iodini pembeni yake, uyaunganishe. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo, ongeza dakika 15. Likibaki na rangi ya kahawia-njano, umemaliza. Sampuli hiyo usiirudishe kwenye sufuria.

Pandisha mpaka 76 °C, inua mfuko, uuning'inize juu ya sufuria uchuruzike. Kuukamua kidogo si kosa. Utabaki na lita 26 au 27 za maji matamu, yanayokaribia togwa kwa utamu, na haidromita isome karibu 1.039 sampuli ikipoa.

Kuchemsha

Chemsha dakika 90, mfuniko ukiwa pembeni muda wote. Kimea cheupe cha pilsna kina kitu ambacho kikichemka hugeuka dimethili salfaidi, yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi. Mvuke ndio unaoiondoa. Ukifunika sufuria, matone yanarudi ndani, na harufu pamoja nayo.

Dakika za kwanza povu litapanda ghafla na kutaka kumwagika, basi punguza moto na usiondoke. Muda si mrefu utaona vipande vyeupe vikielea kama yai lililopasukia kwenye supu. Hizo ni protini zinaganda, na ni dalili njema.

Zikibaki dakika 60, tia Magnum zote. Zikibaki 15, tia gramu 25 za Hallertau na nusu kidonge cha kusafishia kilichotengenezwa kwa karajinani, ambayo ndiyo inayofanya mwani wa Zanzibar utafutwe ng'ambo. Ukizima moto, tia gramu 25 zilizobaki. Hesabu hii itakupa uchungu wa vipimo 34 hivi vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Mtindo wenyewe unaruhusu kuanzia 22 mpaka 40, kwa hiyo mwenye kupenda ukali wa kaskazini aongeze Magnum gramu 3.

Wanaopikia Nairobi au miji mingine ya juu wakumbuke kwamba maji yao huchemka kwenye 94 °C hivi. Uchungu wa hopsi hutoka kwa shida zaidi hapo. Tia Magnum gramu 24, na uchemshe dakika 100 au zaidi kidogo, ukianza na lita moja ya ziada.

Kupoza, na kuwa mvumilivu usiku huo

Kuanzia moto unapozimwa, kila kitakachogusa bia kiwe kimeoshwa kisha kikatakaswa. Ni kazi mbili tofauti. Kuosha ni kutoa uchafu, na sodiamu pakaboneti kwenye maji ya uvuguvugu huutoa hata uliokauka (isipokuwa kwenye alumini, ambayo huifanya nyeusi). Kutakasa ni kuua vijidudu, na hapo tumia dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu.

Koili itumbukize kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto ili mchemko uitakase, kisha pitisha maji ya bomba. Na hapa ndipo wapishi wengi wa nchi za joto wanapokosea. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa ni ya uvuguvugu, kwa hiyo koili itakufikisha nyuzi 30 na kitu, na hapo itagoma. Mtu amechoka, usiku umeingia, anatupia hamira na kuisukuma ndoo kwenye friji akiamini itapoa yenyewe. Itapoa, lakini hamira itakuwa imeshaanza kazi kwenye joto na imeshamwaga harufu za ndizi mbivu na siagi.

Badala yake, hamishia maji ya kimea kwenye ndoo iliyotakaswa, acha mashapo chini ya sufuria, funika vizuri, ingiza kwenye friji na uende kulala. Asubuhi au mchana, yakifika 10 °C, ndipo utie hamira. Kuchelewa kwa saa kumi na mbili hakudhuru kitu kama usafi ulikuwa kamili. Pima kwa haidromita: 1.048 ndiyo shabaha. Tikisa ndoo kwa nguvu dakika kadhaa ili hewa iingie, nyunyizia hamira juu, funga.

Wiki mbili za kuchachuka

Weka kidhibiti kwenye 11 °C. Siku nzima inaweza kupita bila kuona bubujiko hata moja, usiingiwe na wasiwasi. Siku ya pili au ya tatu povu jembamba jeupe litatanda, na friji ikifunguliwa itanuka mayai viza. Hiyo ni salfa ya hamira ya laga, ya kawaida kabisa, na itaondoka yenyewe.

Kuanzia siku ya tano anza kupima, kila baada ya siku moja au mbili. Haidromita ikisoma karibu 1.020, pandisha joto mpaka 16 °C na uliache hapo mpaka uzito uache kushuka, kisha siku mbili tatu zaidi. Hamira ikifanya kazi huacha dayasetili, kitu chenye ladha ya siagi. Hamira hiyohiyo, ikipata uvuguvugu ingali hai, huila yote. Ukiikimbiza kwenye baridi kali mapema, inalala na siagi inabaki.

Usikisie kama imekwisha. Chukua sampuli mbili kwenye glasi ndogo, zifunike kwa karatasi ya foili. Moja iache, nyingine isimamishe kwenye maji ya 60 hadi 65 °C kwa dakika 20, kisha ipoze ilingane na mwenzake. Fungua, nusa moja baada ya nyingine. Ile iliyopashwa ikinuka bisi zilizopakwa siagi na nyingine hainuki, bado kuna mabaki yaliyojificha, na bia ibaki kwenye 16 °C siku mbili tena. Zote zikinuka bia safi, endelea. Jaribio hili halina gharama, nami sijui sababu yoyote nzuri ya kuliruka.

Mwisho wa yote haidromita itasoma 1.008 hadi 1.010, sawa na kilevi cha asilimia 5 hivi.

Kwa asiye na friji kabisa: W-34/70 inastahimili joto kuliko laga nyingi, na kwenye chumba cha nyuzi 18 mpaka 20, kama nyumba nyingi za Limuru au Lushoto wakati wa baridi, hutoa bia inayonyweka vizuri. Haitakuwa na ule unyoofu wa Pils, lakini ni bora kuliko kungoja. Kwenye nyuzi 28 za pwani usijaribu.

Kulaza kwenye baridi

Shusha joto digrii 2 kila siku mpaka ufike kati ya 0 na 2 °C. Bia ikipoa inavuta hewa kupitia kizibo, na inaweza kuvuta na maji yaliyomo. Yatoe, uweke pombe kali isiyo na rangi, kiasi kidogo tu. Oksijeni ni adui mkubwa wa bia hii baada ya hamira kumaliza: huigeuza ladha ikawa ya karatasi iliyolowana. Usifungue mfuniko kuchungulia.

Iache wiki nne, tano zikiwezekana. Hamira inazama, salfa inatoweka, uchungu unalainika bila kupungua, na bia inajisafisha mpaka inang'aa bila chujio lolote. Ukionja wiki ya kwanza na ya nne utadhani ni bia za watu wawili tofauti.

Chupa na glasi

Ihamishe kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa umezama chini ili isirukeruke. Kwa gesi, yeyusha sukari gramu 6 kwa kila lita kwenye maji kidogo yaliyochemshwa, changanya pole. Lita 19 zitachukua gramu 115 hivi. Wajerumani wanaofuata ile sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji pekee, hawaweki sukari. Huhifadhi sehemu ya maji ya kimea yasiyochachushwa na kuyatumia badala yake. Nyumbani sukari haitaonekana kwenye ladha.

Tumia chupa nene za bia za kahawia na vizibo vipya. Za kijani na nyeupe zinapitisha mwanga, na mwanga wa jua huozesha harufu ya hopsi kwa muda mfupi sana. Usijaze bia ambayo haidromita yake bado inashuka, kwa sababu chupa zitapasuka. Ziache kwenye nyuzi 20 kwa wiki mbili, zikipata gesi zirudi friji. Mwenye kegi aijaze, asukume gesi, na aokoe wiki hizo mbili.

Inyweke ikiwa 6 hadi 8 °C. Glasi ioshwe isiwe na chembe ya mafuta, isuuzwe kwa maji baridi kabla ya kumimina. Mimina katikati mpaka povu lijae, ngoja litulie, ongeza, ngoja tena, malizia povu likisimama juu ya ukingo. Chupa zilizobaki ziwe friji muda wote na ziishe ndani ya miezi mitatu, kwa sababu harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka.